Lenzi ya Marehemu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai nyumba ya watu, huichungulia kwanza ndani ya kikombe. Mama yangu alikuwa akisema nilimtazama kwa jicho baya hata mkunga aliyenipokea. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta lenzi ndefu nilijua nitahangaika.

Mjomba wangu alikuwa ametangaza kwamba mchezo wa ng'ombe wa mwaka ule ungekuwa wake wa mwisho. Miaka yote alilichezea dume kwa guo, tena hachezi mbali. Huliacha lije mpaka pembe ziguse guo, ndipo aruke. Sikuwa na hata picha moja ya mruko huo. Lenzi yangu ilikuwa ya harusi, na bibi harusi hakimbii. Dume likianza kuja mota ya lenzi inaunguruma, inatafuta mbele na nyuma, na ikija kushika fokasi mjomba keshatua.

"Safari hii nitoe picha nnavyoruka," aliniambia, "na mie nijione." Nikamuahidi.

Nilitaka zumu ya milimita sabini hadi mia mbili, yenye kioo kipana cha kuingiza mwanga na mota inayoshika papo hapo. Duka moja la mjini Chake walikuwa na ndefu zaidi, ya mia tatu, lakini kioo chake chembamba. Waliniruhusu kuijaribu kwenye mpira, uwanja wa Gombani. Jua lilipoinama kidogo tu ikaanza kubabaika. Mwenye duka akaniapia kwamba kosa ni la mkono wangu, na mimi mtu akianza kuapa kwa sababu ya lenzi huondoka. Nyingine niliiona kwenye simu, muuzaji yuko Dar. Picha nne, zote za upande mmoja. Nilipomuomba anioneshe upande wa pili alinijibu kwamba lenzi ni duara, haina upande. Nikaifuta namba yake.

Ndipo nikasikia kuna mpiga picha amefariki Mtambile, na mjane wake anauza lenzi ileile niliyokuwa nikiisaka, kwa bei nafuu mno. Unafuu huo ndio ulioninyima raha njia nzima.

Barazani nilimkuta kaka yake mjane. Mjane mwenyewe alikuwa yumo edani, kwa hiyo alizungumza nami kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Eda naijua na heshima yake naijua, lakini kununua kitu kwa mtu nisiyemuona uso kulinitia wasiwasi. Nikajilaumu kimoyomoyo, na wasiwasi ukabaki palepale.

"Itazame kwa nafasi yako, mwanangu," mjane alisema kaka yake aliponipa lenzi. "Wala usifanye haraka."

Muuzaji gani huyo asiyetaka nifanye haraka? Nikaifunga kwenye kamera, nikawalenga kuku uani. Mota ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, na kuku mwekundu akabaki doa jekundu. Nikaimulika kwa tochi ya simu. Kioo kilikuwa na utando kama maji ya mchele. Kwa unyevu wa kisiwa chetu kila mpiga picha anaogopa kuvu, kwa sababu likishaingia ndani ya lenzi huna la kufanya. Sikutazama zaidi. Nilikuwa nimekipata nilichokwenda kukitafuta.

"Bi," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "lenzi hii imeoza. Ina kuvu. Na marehemu alikuwa fundi, hakosi alilijua hilo. Si vizuri kumuuzia mtu kitu kibovu."

Kaka yake akaacha kutafuna tambuu.

"Marehemu hajamuuzia mtu kibovu," sauti ya nyuma ya pazia ilisema. "Ifute."

Nikatoa kitambaa, nikaifuta. Kitambaa kikageuka rangi ya chai, kinanata, na kilinukia udi. Nikaifungua kutoka kwenye kamera, nikafuta kioo cha nyuma, vilevile.

"Akenda kazini nilikuwa namfukiza nguo zake na mkoba," alisema. "Nguo zishagawiwa. Imebaki hiyo. Kila Ijumaa nnaifungua vifuniko, nnaiweka juu ya chetezo cha udi."

Nikaifunga, nikalenga tena. Sikuwahi hata kubonyeza vizuri, kuku kashikwa, unyoya mmoja mmoja. Akakimbia, lenzi ikamfuata. Masikio yangu yaliwaka kwa haya.

"Niwie radhi, Bi," nililiambia pazia.

"Nishakuwia radhi. Mpe kaka'ngu airejeshe ndani."

"Nitaongeza bei, Bi. Nakuomba."

"Sikutaka bei. Nilitaka mtu wa kuishika vizuri. Weye kila siku utaitafuta ubovu."

Kaka yake alinyoosha mkono. Niliifungua kutoka kwenye kamera polepole, nikitumaini dada yake atabadili neno, nikampa.

Siku ya mchezo nilikwenda na lenzi yangu ya harusi. Mjomba aliruka vizuri kuliko siku zote. Nilimuona kwa macho yangu. Kwenye picha, majani nyuma yake yalitoka safi kabisa.

Nilimpelekea ile iliyo afadhali. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu na macho.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Ni wewe, mjomba."

Akaitazama tena, akaniuliza kama lenzi ile niliyomwambia, ya Mtambile, sikuipata. Nikamwambia nilikwenda, nikaikuta mbovu.