Ua la Shaba Uani kwa Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa anang'oa maua kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa. Nililijua hilo siku moja nilipofika kwake mtaani Kasulo mapema kuliko kawaida, nikamkuta ameinama nyuma ya nyumba, kiganja kimejaa maua madogo ya zambarau, mizizi bado ina udongo. Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Akayatupa kwenye shimo la choo, akanawa mikono, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Yalikuwa maua ya shaba. Kwetu Kolwezi, mji wa migodi, watu wengi wanayajua: mmea mfupi usiofika gotini, unaopenda udongo wenye shaba na kobalti ambao mimea mingine inaukimbia. Yakiota mengi mahali pamoja, mchimbaji hahitaji kuambiwa zaidi. Na miaka ile wachimbaji walikuwa tayari wameingia majumbani. Jirani wa upande wa kulia alikuwa amevunja sakafu ya sebule yake, akafunika shimo kwa turubai, familia ikahamia kulala jikoni. Mama mkubwa hakutaka mtu yeyote aje kumwambia kwamba naye analalia kobalti.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza dawa mtaa wa Manika. Jumamosi tulikuwa watu watatu tunaotembea na simu zetu: mimi, katekista wa parokia, na dereva mmoja wa lori, Mwislamu, ambaye alikuwa anaona ndege kabla sisi hatujainua hata kichwa. Tulipiga picha mimea, vipepeo na ndege, tukazituma kwenye ukurasa wa mtandao ambapo watu wa nchi nyingi hukusanya picha kama hizo, na wenye ujuzi husaidia kutaja majina. Hatukulipwa chochote. Mke wa dereva alikuwa anatuita watu wa majani, na alipokasirika alituita mbuzi. Tulianza baada ya kuona vilima vya upande wa mgodi wa Mashamba vinazidi kuliwa na mashine, na mimea ambayo haioti kwingine inaondoka bila mtu kuiaga. Jambo lile lilinichoma. Nami nikichomwa na jambo siwezi kukaa bure, lazima mikono ipate kazi.

Kwa hiyo niliyataka maua ya mama mkubwa. Nilitoa simu, na yeye akavua kitenge cha begani akaufunika mmea mmoja uliobaki.

"Ukipiga ile picha, simu itabaambia fasi iko," alisema. "Na bo batakuya na masululu."

Nilimweleza kwamba mtu anaweza kuficha mahali, ramani ikaonyesha eneo kubwa tu bila nyumba ya fulani. Aliniangalia juu mpaka chini. Akasema aliyeweza kuficha anaweza pia kufichua, na kwamba nyumba yake si mahali pa kujifunzia simu. Nyumba ile ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho. Mumewe alikuwa karani wa kampuni kubwa ya migodi. Kampuni ilipoanguka, mishahara ikakatika miaka na miaka, na alipopewa malipo ya kuachishwa kazi alinunua kiwanja kile, akajenga chumba kimoja kimoja, na akafia humo. Nilirudisha simu mfukoni. Nilinuna njia nzima hadi Manika, lakini sikupiga picha.

Basi, maua nayo hayakusikia la mtu. Kila baada ya mvua yalirudi, mengi kuliko jana, na mgongo wa mama mkubwa ulikuwa unachoka. Msimu uliofuata nilipofungua lango lake nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alikuwa ameyang'oa taratibu na kuyapanda upya kwa mstari ulionyooka kutoka langoni hadi mlangoni, katikati yake ameweka maua mekundu aliyoyaomba parokiani, na pembeni mawe yaliyopakwa chokaa. Aliyeuliza aliambiwa ni mbegu kutoka kwao kaskazini. Nani atatafuta madini kwenye bustani ya mjane? Wageni walimsifu. Mama mmoja wa kanisani aliomba mbegu, akanyimwa kwa upole mkubwa. Nilimtania kwamba ndiye mtunza bustani wa kwanza wa ua la shaba, akasema na hilo pia nisiliandike.

Mstari ule ulimlinda dhidi ya macho ya watu. Haukumlinda dhidi ya kilichokuja kwa chini. Njia ya wachimbaji wa jirani ilipita chini ya chumba chake cha kulala, ukuta ukapasuka. Mchana mmoja jiko la nyumba ya nyuma lilititia lote ardhini, na wenyewe wakatoka kwa bahati tu. Kisha likaja tangazo: sehemu ile yote itazungushiwa uzio ichimbwe na kampuni, wenye nyumba walipwe na wahame. Kijana aliyetumwa kuandika namba nyekundu kwenye kuta aliruka mstari wa maua kwa uangalifu na kuyasifu. Nilitaka kumrukia. Mama mkubwa akanishika mkono wa gauni, akamshukuru kijana.

Siku zile za kufunga vyombo alinisimulia kuhusu majirani wake wa zamani, watu wa asili ya jimbo la Kasai waliofukuzwa mjini miaka ya nyuma kwa kuitwa wageni. Walilala karibu na stesheni na masufuria yao, wakingoja treni. Mwaka haukuisha, walioingia nyumba zao walikuwa wanasema hakuna mtu aliyeishi pale kabla yao. Alilisikia hilo kwa masikio yake, kuhusu nyumba aliyozoea kuazima chumvi. Alisema ndilo lililomuuma kupita yote, na kwamba sasa anaogopa zamu yake.

Siku moja kabla ya lori kuja aliniita nije na simu.

"Piga sasa," aliniambia.

Nikapiga. Ukurasa wetu huuliza kama mmea umejiotea au umepandwa na mtu. Nilimweleza kwamba iliyopandwa huwekwa kando, wataalamu hawaishughulikii sana, na kwamba ya kwake kwa asili ilijiotea. Akakataa. Alitaka ionekane kuna mtu aliyeipanda. Nikamuuliza kama nifiche mahali, nilivyomweleza zamani.

"Sasa usifiche," alisema. "Uweke pale pale ku mulango."

Nikaweka pale pale. Pembeni mwa picha unaonekana mguu wake, ndani ya ndala za plastiki, juu ya kizingiti. Nilijikaza mpaka nikatoka langoni, kisha nikalia.

Siku hizi anapanga nyumba upande mwingine wa mji, penye mchanga, ambako ua lile halioti. Kasulo kule ndani ya uzio pamechimbwa, nyumba zimekwisha.

Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka kwa mtu wa mbali anayesaidia kuhakiki picha. Aliandika kwa heshima. Alisema lazima nimekosea mahali, kwa kuwa picha za kutoka angani zinaonyesha mgodi tu, pale hapawezi kuwa na bustani. Aliniomba niisogeze alama. Nilikwenda kwa mama mkubwa nikiwa nachemka, jibu kali tayari kichwani, nikamsomea huku nikitafsiri kutoka Kifaransa. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaomba nisome tena. Nikasoma. Akaweka ungo chini.

"Umuandikie, fasi haina makosa," alisema. "Umuandikie kulikuwa mulango, na njo miye nilikuwa natokea pale."

Niliandika hivyo, neno kwa neno, na yeye akasogeza kiti chake karibu na changu, akakaa mpaka nilipomwonyesha kwamba imefika.