Kijiji cha Alpi Nilichodai Kukifahamu

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba cheti changu cha utalii nilikisotea shule ya jioni, nikisinzia mpaka meza ikanizoea shavu. Basi nilipopata kazi kwenye ofisi ya safari hapa Scarborough, ng'ambo ya bahari kutoka Ulaya, mdomo ukanirefuka kuliko ghorofa.

Wakaja Mzee Amirali na mkewe, Mama Shirin, watu wa Tanga. Mama alikuwa ametoka kuugua moyo, na daktari alimruhusu kuteleza kidogo tu kwenye theluji. Walitaka kijiji kitulivu milima ya Alpi, chenye miteremko ya wanaojifunza.

Nikawachagulia kijiji kilicho juu kuliko vyote, kwa kuwa picha zilionyesha mteremko laini mlangoni mwa hoteli. Urefu wa mlima sikuuwaza kabisa.

"Mwanangu, wewe umefika huko?" Mama akauliza.

"Kufika tu, mama? Nimekaa wiki mbili! Mbuzi wa pale wote wananisalimia."

Akacheka. "Basi tutaenda huko huko."

Siku ya pili baada ya kufika, Mzee akapiga simu. Bosi akaiweka kwenye spika.

"Kijana, Shirin anashindwa kupumua. Hewa ya huku nyepesi mno, na mapokezi hatuelewani lugha. Wewe umekaa hapa. Zahanati iko upande gani?"

Bosi akanigeukia. "Mwambie upesi!"

Nikaisogelea simu.

"Mzee," nikasema, "mimi sijawahi kufika huko. Hata Ulaya sijafika."

Kwenye spika ilibaki pumzi ya Mama Shirin, na ofisi nzima tukiisikiliza.