Mgeni Akiwa Bado Nukta

Enzi zetu Kitengela, kabla mtaa wa Noonkopir haujajaa maghorofa, mtu hakufika kwako ghafla. Ulimwona akiwa nukta, kisha kofia, kisha mwendo, na hata ukishamtambua bado ulikuwa na muda wa kufagia nyumba. Jioni nyasi zililala na upepo hadi milima ya Ngong, na pundamilia walikatiza uwanja wetu wa mpira bila haraka. Watoto wa leo hutumiana lokesheni wakiwa nyumba moja, mmoja jikoni na mwingine sebuleni.

Mwalimu wa Kiingereza alitufundisha neno "vast" akiwa amesimama dirishani. Alisema halifai kwa chumba wala kwa shamba. Ni la mahali ambapo macho huchoka kabla ya kufika mwisho. Tulilipenda hadi tukaliharibu. Sahani ya githeri shuleni ikawa vast, kaptura niliyorithi kwa kaka ikawa vast, na viboko tulivyopata kwa ajili hiyo tukaviita vivyo hivyo.

Nilipolipeleka nyumbani, mama hakucheka. Baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha simiti alitutoa Vihiga, ambako moshi wa jirani huingia jikoni kwako. Hapa mama aliona nyasi na upepo tu, akaogopa. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwa leso, akamwambia baba kwamba shule zikifungwa atarudi nasi Vihiga, yeye abaki na kazi yake. Nilimpenda baba sana. Nadhani ni mimi peke yangu darasani niliyeomba Mungu shule zisifungwe kamwe.

Aliyemzuia mama ni Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai. Alimkuta ameketi mlangoni akilia. Hakumpa pole, alimwonyesha nukta nyekundu huko mbali.

"Huyo ni mama mkwe wangu, anakuja kukusalimia. Weka chai sasa. Akifika itakuwa imeiva."

Bibi yule alifika chai ikichemka kweli. Akasalimu kwa Kimaa, mama akajibu "mirembe" kwa Kiluhya, wakacheka wote. Kutoka siku hiyo mama alikaa mlangoni kutazama wanaokuja, na baba akitoka kazini, mama alimtambua kabla baiskeli yake haijaonekana vizuri. Leso ikafunguliwa. Shule zikafungwa, tukabaki.

Sasa baba ametutoka, na mbele ya mlango wa mama pamesimama ghorofa ya vyumba vya kupangisha. Juzi nilibisha hodi, akashtuka. Iliniuma. Nikamsihi aende Vihiga kwa ndugu zake, apumzike. Akatikisa kichwa.

"Huko siwezi kuona mbali."

"Hata hapa huoni, mama."

Akautazama ukuta wa ghorofa.

"Sioni," akasema. "Lakini baba yako alikuwa anatokea upande huu."