Stata ya Mkwe

Enzi zetu kule Mwaya gari halikuwashwa, lilisukumwa, na msukumaji alikuwa mtoto yeyote aliyeonekana karibu. Vijana wa leo hulipia gym ili watoke jasho. Sisi gym yetu ilikuwa pikapu ya baba, kuukuu, rangi ya samawati iliyopauka, iliyobeba mpunga, ndizi na vyungu vya mama kwenda sokoni Kyela. Harufu yake naisikia mpaka leo: petroli, pumba na dagaa. Kwa kuwa kwetu ni tambarare tupu, hakuna hata kamteremko ka kuegeshea, tulisukuma mpaka matope yakatufika magotini. Likishawaka, linatupulizia moshi usoni, nasi tunashangilia.

Ubaya ulikuwa kwenye stata, kile kimota cha kuamshia injini. Ya zamani iliungua. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, vitu vinamiminika kutoka kila upande, na dada yangu Tusekile alikuwa amechumbiwa nchi jirani, Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Baba mkubwa wa mchumba, ambaye nyumbani tulimwita Mkwe tu, alikuwa na pikapu kama yetu. Akatuletea stata nyingine kama zawadi, imefungwa kwenye kitenge kipya utadhani mtoto mchanga. Bolti zikaingia vizuri. Baba akageuza ufunguo: kraaa! Injini haikutikisika.

Hapo ndipo ungewacheka watu wazima. Kwetu kitu cha mkwe hakisemwi vibaya, basi kila kifaa kikashukiwa isipokuwa stata. Fundi Ambakisye, jirani yetu, akasugua vichwa vya betri, akabadilisha waya, akafungua plagi na kuzipuliza. Kraaa!

"Betri hii ina uvivu," akasema.

"Watoto, njooni!" baba akaita.

Harusi ikakaribia, na dada akaanza kukosa usingizi. Bibi harusi kutoka kwao huku anasukumwa! Watu wa Mwaya wangemtungia wimbo wa kuimbwa mpaka azeeke.

"Baba, niacheni niende kwa miguu," alisema siku moja, akaangua kilio mbele ya kila mtu.

Mama alikuwa Mkisi wa ufukweni, mfinyanzi, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Alimwambia fundi afungue stata. Akachukua donge la udongo wake mbichi, akalipenyeza kwenye tundu ilimotoka stata na kuligandamiza kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo stata hulizungusha. Donge la pili akaligandamiza kwenye meno ya stata. Akaziweka alama mbili kwenye ungo: moja meno membamba yaliyobanana, nyingine meno mapana yaliyoachana.

"Hawa hawajawahi kuonana," akasema.

Fundi akakohoa. "Mama, mimi niliona tangu siku ya kwanza. Ila ni kitu cha mkwe."

"Hata mimi," baba akasema taratibu.

Nani sasa amwambie Mkwe? Jioni ya kuamkia harusi tulisikia kelele barabarani, tukakimbilia nje. Lilikuwa gari la Mkwe linakuja, na nyuma yake msafara mzima wa Karonga umevaa suti, unasukuma! Mkwe akashuka anatiririka jasho, akilaumu betri za siku hizi.

Mama akawakaribisha, akawapa wali na samaki, akawaacha wale washibe. Kisha akamwomba Mkwe ruhusa, fundi akafungua stata ya gari lake. Mama akaileta alama ya flaiwili yetu, akaweka meno ya stata ile juu yake. Yakalala humo bila kupishana. Mkwe alikuwa amenunua stata mbili siku moja, moja ya gari lake na moja ya letu, maana pikapu zilifanana lakini matoleo yalikuwa tofauti, akazichanganya.

Mkwe alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Ndaga fijo, asante sana, mama. Nilikisia zamani. Lakini zawadi ukishaitoa, unaiombaje tena?"

Stata zikabadilishwa palepale. Kesho yake dada alipanda na shela lake, nasi watoto tukajipanga nyuma kama kawaida, mikono kwenye bodi. Baba akagusa ufunguo tu. Gari likaunguruma, likachomoka, tukaanguka kifudifudi matopeni. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nililia, na si kwa sababu ya matope.

Siku hizi wanangu wanabonyeza kitufe. Gari likigoma wanakaa ndani na kiyoyozi kilichozimika, wanapiga simu. Kusukuma hawajui, na magari yenyewe hayasukumiki. Nimebaki na chungu kimoja cha mama, kile alichokizungushia alama ya meno ya flaiwili shingoni, maana baada ya harusi ile lilikuwa ndilo pambo lake. Nikikishika namkumbuka dada Tusekile, aliyezeekea ng'ambo na kuzikwa huko. Tuliomba sana gari lile liwake. Leo natamani lingegoma asubuhi ile moja tu, tumsukume wenyewe, polepole, mpaka Songwe.