Nipo au Nimo: Profesa na Kiti cha Kumi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, profesa anapanga viti. Anavipanga kwa duara, kimoja kimoja, akivibonyeza kwanza kwa kiganja aone kama vitamvumilia mtu. Kile chenye mguu mbovu anakivuta upande wake. Atakikalia mwenyewe.

Wanafunzi wanaingia, tisa kwa jumla. Profesa anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Katika vyumba vingine vya chuo hiki jibu ni moja tu. Hapa yapo mawili.

"Nimo," anajibu msichana wa kwanza.

"Nipo," anajibu kijana anayefuata, akisugua macho. "Nipo tu, Profesa. Mtoto wetu hakulala."

"Asante kwa ukweli," anasema profesa, na kumwekea alama ileile.

Ndiyo desturi ya darasa lake kwa miaka ishirini na sita. Aliyeleta mwili peke yake husema nipo. Aliyekuja na moyo wake husema nimo. Hakuna anayeadhibiwa kwa kusema nipo.

Profesa ana umri wa miaka sitini na moja. Anafundisha udhanaishi, tawi la falsafa linalouliza mtu anaishi kwa ajili ya nini, ana uhuru gani wa kuchagua, na afanyeje na hofu ya kufa. Wanafunzi wamembandika jina la Profesa Nimo. Analijua, na akiitwa huitika.

"Vitabu vya Kizungu nilivyosoma ujanani vilikuwa na neno moja tu la kuwapo," anasema. "Lugha yetu inayo matatu: yupo, yuko, yumo. Mtu anaweza kuwapo mezani na asiwemo katika mazungumzo. Mtoto anayajua haya kabla hajajua kufunga viatu."

Mkewe, fundi cherehani, anadai hoja hiyo ni yake. "Nilimwita mara tatu aje kula, kimya! Nikasema, huyu bwana yupo, namwona, lakini hayumo. Wiki ya pili nasikia anayafundisha chuoni. Hata asante sijapata."

Marehemu mama yake profesa aliwahi kumuuliza kazi yake hasa ni nini. Alipojibu kwamba anatafuta kwa nini tupo, mama aliendelea kukunja nguo. "Tupo kwa sababu hatujaondoka, mwanangu. Hebu shika ncha hiyo ya shuka."

"Niliishika," anasema profesa. "Nimeandika makala kumi na nne tangu siku ile. Hakuna hata moja iliyofika alipofika mama."

Msikilizaji wake mwaminifu kuliko wote si mwanafunzi. Ni mama mmoja mfanyausafi, ambaye kwa miaka minne amekuwa akipiga deki korido iliyo nje ya chumba hiki.

"Korido yenyewe fupi," anasema akicheka. "Lakini Jumatano ilikuwa inanichukua saa nzima. Nadhani hakuna sakafu safi kama ile chuo kizima."

Alianza kusikiliza mwezi aliomzika dada yake. Kupitia mlangoni alimsikia profesa akisema kwamba kifo cha mwenzako hakikuulizi kama wewe ni hodari, kinakuuliza utaishi vipi kesho. Aliweka ndoo chini, akaegemea ukuta.

Jumatano iliyofuata alikuta kiti kimewekwa kando ya mlango. Baada ya mwezi kiti kilikuwa ndani ya duara.

Naye ana namna yake ya kurudisha wema. Anapofuta ubao huacha pembe ya kushoto kama ilivyo. "Pale profesa huandika yale ambayo hajamaliza kuyafikiria. Nikiyafuta, si nitakuwa nimemkata kauli?"

Darasa hilo, lililowahi kuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, limepungua mwaka hadi mwaka. Kanuni mpya ya chuo inasema somo lenye wanafunzi chini ya kumi lifungwe. Wiki mbili zilizopita, mkuu wa idara alifika na fomu yake kuhesabu. Zamani yeye mwenyewe alisoma katika chumba hiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mkuu. Karibu."

Mkuu alihesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika kumi, uso ulimchangamka. Katika kiti cha kumi alikuwa yule mama, kakunja aproni mapajani.

"Kumi. Namshukuru Mungu. Tia sahihi hapa, Mwalimu, tumalize."

Profesa hakuichukua kalamu. "Waliopo ni kumi," alisema. "Waliomo kwenye orodha ni tisa."

"Mwalimu wangu," mkuu aliteta kwa sauti ya chini, "mimi nimeona kumi. Sijakuuliza orodha."

"Fomu imeuliza."

Mkuu alifuta kumi, akaandika tisa. Akitoka, alisimama mbele ya yule mama na kumpa mkono.

Mama hakufurahi. "Profesa, si ungenyamaza tu? Mdomo umekuponza!"

"Ningenyamaza, ningekuwa nimekufanya kijiti cha kuhesabia. Wewe hukuja hapa kunijazia kiti."

Kwa siku mbili mama hakumsemesha profesa. "Nilikasirika sana," anakiri. "Kisha nikafikiri. Miaka yote hii nahesabiwa pamoja na ndoo. Huyu somo lake linakufa, na bado hakutaka kunitumia."

Barua ilikuja Jumatatu. Somo litafungwa mwisho wa muhula, na profesa atafundisha utangulizi wa mantiki, wanafunzi mia tatu ukumbini, kwa kipaza sauti.

"Sitasema sijaumia," anasema. "Nilisoma neno 'limeondolewa' mpaka herufi zikachanganyikana. Nimefundisha kwamba kuchagua kuna gharama. Sasa nimeletewa yangu."

Siku mbili baadaye alikuta bahasha mezani pake. Ndani mlikuwa na ufunguo wa chumba hiki na kijikaratasi chenye mwandiko wa mkuu wa idara: "Jumamosi asubuhi chumba hakina mtu. Nami nitakuja."

Darasa la Jumamosi halitakuwa na mtihani wala cheti. Profesa ameandika orodha kwa mkono na sasa ina watu kumi na wanne: wanafunzi wake tisa, mkuu wa idara, walinzi wawili wa getini, mkewe, aliyesema atakuja na mshono wake, na yule mama. Viti vizima ni kumi na vinne, na yeye mwenyewe ni wa kumi na tano. Ameazima nyundo kwa ajili ya ule mguu mbovu.

Jina la kwanza kwenye orodha ni la yule mama mfanyausafi. Katika miaka minne halijawahi kuitwa ndani ya chumba hiki.

"Nafanya mazoezi," anasema, akikamua tambara lake mlangoni. "Nataka nijibu 'nimo'. Lakini zamu ya Ijumaa ni ndefu. Nikiamka nimechoka, nitasema ukweli. Nitasema nipo."