Salfa Tuliyoichoma Shighatini

Jiwe la mzee wa Vudee nililiharibu mimi. Neno hili nalisema leo, nimechelewa mno, na aliyestahili kulisikia hayupo.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa sayansi huko Vudee, nikiwa nimepanga chumba kwa mkulima mmoja aliyekuwa mzee wa kanisa. Siku moja hakuonekana kwenye shamba la kijiji asubuhi nzima. Alipotokea mchana alikuwa amekumbatia jiwe jeusi, ukubwa wa ngumi mbili, akasema limeanguka kutoka angani na kuchimba shimo kwenye migomba yake, mbele ya macho yake. Ngurumo watu walikuwa wameisikia, ila walidhani ni baruti za wajenzi wa barabara. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema wategaji wa kazi wengine husingizia homa, huyu kasingizia mbingu.

Mzee wa kanisa kuitwa mwongo mbele ya kijiji si jambo la kupuuza. Wenzake kanisani walimwambia alete uthibitisho, la sivyo aache nafasi yake. Nilipokuwa nafunga safari ya likizo akanikabidhi jiwe lenyewe.

"Mwalimu, wewe umesoma. Wapelekee wataalamu wa madini. Ila lipeleke kama lilivyo."

"Ondoa shaka, baba," nikamjibu, kifua mbele.

Sasa, mimi ni mtoto wa wahunzi wa Ugweno. Kwetu Shighatini jiwe zito halitazamwi tu, linatiwa motoni. Nikateremka Same, nikapanda basi, na badala ya kwenda moja kwa moja kwa wataalamu nikapitia nyumbani. Nilitaka kuringa tu, sina sababu nyingine. Baba yangu alilipima mkononi, akalikwangua kwa kisu, akanusa.

"Lina kiberiti hili," akasema. "Chuma chenye kiberiti hukatika kikigongwa cha moto. Tukisafishe kwanza. Utawapelekeaje wakubwa kitu kichafu?"

Ndivyo tulivyolelewa: kazi chafu haitoki kwenye kibanda chetu. Nikashika mvukuto mwenyewe. Harufu kali ikatujaa puani, tukakohoa, tukavukuta mpaka ikaisha kabisa. Jiwe likapasuka, ganda lake jeusi likabanduka. Nikalifunga kwenye kitambaa safi, nikalifikisha kwa wataalamu, nikaona nimemtendea mzee wema wa ziada. Mwalimu wa sayansi mzima!

Harufu ile ya kiberiti, yaani salfa, ndiyo iliyokuwa uthibitisho wake. Kwa nini, nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, kwenye kozi ya walimu. Mkufunzi alitueleza kuwa chembe za salfa hazilingani uzito; nyingi ni nyepesi, chache ni nzito kidogo. Mawe ya angani hubeba uwiano wa chembe hizo kutoka huko yalikozaliwa. Mtaalamu akiupima anaweza kutambua kama jiwe ni la duniani au la kwingine, kama sayari lilikotoka iliwahi kuwa na hewa iliyochomwa na mwanga wa jua, na hata kukisia ni salfa gani, nyepesi au nzito, ilizama na chuma katikati ya dunia yetu hii. Lakini jiwe likichomwa, salfa hupeperuka, nyepesi zikitangulia, na kinachobaki hakisemi tena ukweli. Niliomba ruhusa nikatoka nje, wenzangu wakadhani ni tumbo.

Turudi mwaka ule wa jiwe. Barua ya wataalamu ilisomwa na katibu kwenye mkutano wa kijiji. Ilisema jiwe limepita kwenye tanuri, salfa yake karibu yote imetoka, na haiwezekani tena kuthibitisha kuwa lilitoka angani.

"Mzee katuokotea takataka za wahunzi!" mtu mmoja akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na mdomo. Niliogopa mwalimu mkuu, niliogopa wanafunzi wangu, niliogopa watu kujua baba yangu ni mhunzi. Jioni mzee akaja mlangoni kwangu akasimama bila kuketi.

"Mwalimu, niambie wewe. Labda macho yangu yalinidanganya?"

"Inawezekana, baba," nikasema.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika, akakiri kuwa alidanganya na kuomba radhi. Akaacha nafasi yake ya uzee wa kanisa. Ibada ilipokwisha alizunguka nje akimpa kila mtu mkono. Aliponifikia mimi alinishika kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, mwalimu. Nilikubebesha uongo wangu safari yote ile."

Nikamwambia nimemsamehe.