Mandazi ya Mchele

Miye niliyefundisha komersi Bukavu kabla vita itufukuze, juzi nilijiaibisha sokoni Biwi, mjini Lilongwe, na nimechoka hata kujificha. Bibi yangu wa ndoa alivumbua mandazi ya unga wa mchele. Tukabadilisha mahindi yote ya posho kwa mchele, nikabeba beseni toka kambi yetu ya wakimbizi Dzaleka mpaka Lilongwe. Kitu kipya kinataka piblisite, kutangazwa, njo somo nilifundisha miaka yote. Nikapaza sauti: “Mandazi ya mchele!” Bantu bakapita tu. Nikamuuliza mwenye kabaza, baisikeli ya kubeba abiria, “mwingi” inasemwaje kwa Kichewa. “Wambiri,” akasema. Basi nikapiga kelele mpaka koo ikakauka: “Mchele wambiri!” Sasa bakanikwepa kabisa.

Jioni mzee mmoja, aliyewahi kuendesha malori mpaka Dar, akataka beseni nzima. Nikamshukuru Mungu.

“Zikomo, asante Baba! Iko ya harusi?”

“Ya ng’ombe wangu. Wanapenda kulamba chumvi.”

“Chumvi gani?”

“Si wewe unapiga kelele tangu asubuhi, mchere wambiri? Kwetu mchere ni chumvi.”

Akamega andazi moja, akatafuna polepole, akalirudisha ndani ya beseni.

“Na hata hiyo chumvi yenyewe hamna.”